Naamani na Kidonge Kidogo

Mahubiri ya Sikukuu ya Mtakatifu Luka, Mwinjilisti na Tabibu
Somo: 2 Wafalme 5:1–14





Kila mwaka tarehe 18 Oktoba Kanisa letu linamkumbuka Mtakatifu Luka, ambaye Mtume Paulo, anapowaandikia Wakolosai, anamtaja kwa upendo na kwa kazi yake ya utabibu. Siku hiyo tumezoea kuwaombea wagonjwa, madaktari na wauguzi, kisha tunakwenda nyumbani kula. Mwaka huu naomba tukae kitako kidogo zaidi, maana nina neno la kusema ambalo nilipaswa kulisema zamani.

Mnaijua habari ya Naamani. Alikuwa jemadari wa jeshi la Shamu, mtu mkubwa, mshindi wa vita, lakini alikuwa na ukoma. Akaja kwa nabii Elisha na farasi na magari, na fedha na dhahabu, na mavazi ya kubadili. Elisha hakutoka hata mlangoni. Alimtuma mtu tu, amwambie akaoge mara saba katika mto Yordani. Naamani akakasirika sana. Alitazamia nabii atoke, asimame, alitaje jina la Mungu kwa sauti na kupunga mkono juu ya ugonjwa. Tena aliona mito ya kwao Dameski ni bora kuliko kijito kile cha Israeli. Akageuka aende zake. Waliomwokoa ni watumishi wake. Walimwuliza kwa adabu: kama nabii angekuagiza jambo gumu, je, usingelifanya? Basi jambo dogo kama hili linakushinda nini?

Sisi tu watoto wa Naamani. Tuambiwe tufunge siku arobaini, tutafunga. Tuambiwe tupande mlima usiku kwenda kuombewa, tutapanda. Tuambiwe tuuze ng'ombe tumpeleke mgonjwa kwa mtu fulani mashuhuri wa mbali, ng'ombe atauzwa. Lakini tukiambiwa tumeze kidonge kimoja kila siku, kidonge kidogo kama punje ya mtama, hilo linatushinda.

Sasa nitaeleza habari iliyonihuzunisha. Sitamtaja mtu kwa jina, wala mtaa. Wanaojua watajua, na wasiojua wasiulize.

Katika parishi moja niliyoitumikia zamani huku Nyanda za Juu Kusini palikuwa na mzee wa kanisa, mkulima hodari wa mahindi na viazi, mwenye sauti nene ya kuanzisha nyimbo. Siku moja alimpeleka mjukuu wake hospitali, na muuguzi, akiwa na nafasi kidogo, akamfunga ule mpira mkononi akampima. Akaona 180 kwa 110. Mzee akashangaa, maana hakuwa na maumivu yo yote. Wakampima tena siku nyingine, ikawa vile vile. Akapewa vidonge, akaambiwa asiviache. Akavimeza miezi kadhaa, akajiona mzima. Lakini angalieni: alijiona mzima hata kabla ya kuvimeza. Ndipo ulipo ujanja wa ugonjwa huu.

Baadaye palitokea mkutano wa maombi wa wageni. Waliwekea watu mikono, naye wakamwekea, wakamwambia kwamba amepona na asitazame nyuma. Mzee akaviacha vidonge.

Mwezi wa Novemba nilikwenda kumtembelea. Tulikaa sebuleni, mama akaleta chai. Dirishani, chini ya Kitabu cha Sala, niliona pakiti ya vidonge imeshika vumbi. Nilijua ni nini. Nikasema moyoni mwangu: nikimwuliza habari ya vidonge hivi ataona ninaidharau imani yake, tena mbele ya mkewe. Basi nikanywa chai, nikasoma Zaburi, nikaomba, nikapanda pikipiki yangu nikaondoka.

Januari, asubuhi moja ya kupalilia, alianguka shambani. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kulia ukawa kama si wake, na maneno hayakutoka. Watu wengine walisema ni upepo mbaya. Wakamlaza nyumbani, wakamkanda kwa mafuta na majani, na hospitali akafikishwa kesho yake jioni. Siku ya tatu akafa.

Hayo ni machungu, lakini sikumaliza. Kabla udongo wa kaburi haujakauka, maneno yalianza. Marehemu alikuwa amegombana na mdogo wake juu ya vinyungu, yale mashamba ya bondeni ambayo kila mtu wa huku anajua thamani yake wakati wa kiangazi. Watoto wakasema baba mdogo amemroga baba. Walisema: mtu mzima, mwenye nguvu, hakuugua hata siku moja, anawezaje kuanguka ghafula namna ile? Baba mdogo alikuwa Mkristo kama wao, mtu wa kupokea Meza ya Bwana. Hakuvumilia. Alihama na watu wake akaenda upande wa Usangu, na hajarudi hata kwa misiba.

Nami katika matanga yale nilihubiri amani. Nilihubiri vizuri, watu walilia. Lakini sikusema nilichokiona dirishani. Nilinyamaza mara mbili: mara ya kwanza mzee akiwa hai, mara ya pili nduguye akisingiziwa. Miaka minne ilipopita nilimwendea mtoto mkubwa wa marehemu nikamweleza yote. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Baba Padre, mbona hukusema siku ile?" Sikuwa na jibu. Sina hata leo.

Kwa hiyo leo nasema.

Ugonjwa huu madaktari wanauita shinikizo la damu, na sisi sote tunauita presha. Moyo wa mtu hupiga kama mara 100,000 kwa siku moja, na kila ukipiga unasukuma damu katika mishipa, kama maji katika mpira wa kumwagilia bustani. Nguvu ile ikizidi kwa miaka mingi, mishipa hukakamaa, moyo huvimba na kuchoka, figo huharibika, na siku moja mshipa wa kichwani hupasuka au kuziba. Hicho ndicho kiharusi. Katika kupima hutajwa hesabu mbili. Ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unapobana, ya chini ni wakati unapopumzika. Ikiwa ni 120 kwa 80 au karibu na hapo, mshukuru Mungu. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, umekwisha kuwa na presha, hata kama asubuhi hiyo umelima ekari nzima na kurudi unaimba.

Wazee wetu walisema mficha maradhi kilio humfichua. Neno hilo ni kweli, lakini katika ugonjwa huu mambo yamegeuka. Mtu hauufichi ugonjwa. Ugonjwa ndio unaomficha yeye. Tunaulizana "Hujambo?" naye mwenye 180 hujibu "Sijambo," wala hasemi uongo. Hajui.

Ninyi mnaosafiri mnajua mteremko wa Kitonga, mtu akitoka Iringa kwenda Morogoro. Dereva mwenye akili huzipima breki zake huku juu, kabla gari halijaanza kushuka. Hangoji kuzipima katikati ya kona, na abiria hawamwambii kwamba hana imani. Wanamshukuru.

Kipimo chenyewe si kitu cha ajabu. Mwitalia Scipione Riva-Rocci alikibuni kile kitambaa cha kufunga mkononi mwaka 1896, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akafundisha kusikiliza mshipa ili kupata hesabu zote mbili. Lakini kupima kulitangulia kutibu kwa miaka mingi. Tazameni habari ya Rais Roosevelt wa Marekani, aliyeongoza taifa lenye nguvu kuliko yote katika Vita ya Pili ya Dunia. Madaktari wake walijua kwamba presha yake ilikuwa juu sana. Walimpima mara kwa mara, na dawa ya kuiteremsha sawasawa hawakuwa nayo. Tarehe 12 Aprili 1945 alikuwa ameketi akichorwa picha, akasema kichwa kinamwuma nyuma, akazimia. Daktari akampima akakuta 300 kwa 190, na baada ya saa chache akafa. Dawa nyepesi za kumeza, zile za kupunguza maji mwilini, zilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1950. Basi mkulima wa Igurusi au Mafinga leo anaweza kupewa kidonge ambacho Rais yule, pamoja na ukubwa wake wote, hakukipata. Naye anakiweka dirishani.

Msidhani ninasema habari za wazungu tu. Madaktari walihesabu vifo vya kiharusi katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro kati ya 1992 na 1995, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba, umri kwa umri, watu wetu wanakufa kwa kiharusi kuliko watu wa Uingereza. Wengine walipima presha za watu wa Ilala mjini na wa kijiji cha Shari kule Hai. Kati ya waliokutwa na presha, hata mmoja kati ya watano hakufika katika hesabu ya waliojua kwamba wanayo. Na ambao dawa ilikuwa imeituliza hawakufika mmoja katika mia. Mwaka 2012 serikali ilipima watu wa miaka 25 hadi 64 katika nchi, ikakuta mmoja kati ya wanne hivi ana presha. Hesabuni wenyewe benchi mnalokalia kanisani, watu wanne wanne.

Wapo watakaoniletea habari ya Mfalme Asa, katika 2 Nyakati 16:12, aliyeugua miguu akawatafuta waganga. Nimeletewa andiko hilo mara nyingi, hata na walimu wa mitaa. Someni vizuri, tena anzeni mwanzo wa sura. Asa analaumiwa kwa sababu alimwacha Bwana. Alikuwa amekwisha kumwacha katika mambo ya vita, akatumainia fedha na mfalme wa Shamu, na katika ugonjwa akaendelea na tabia ile ile. Andiko halisemi kwamba dawa ni dhambi. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akamsikia na kumwongezea miaka kumi na mitano, na pamoja na hayo Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Sala na tini vilikwenda pamoja. Paulo, ambaye mikono yake iliponya watu wengi, alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Nao wamisionari wa UMCA waliotuletea Injili kandokando ya Ziwa Nyasa walijenga kanisa na dispensari katika uwanja mmoja. Hospitali ya Liuli ni shahidi. Hawakuona kwamba kengele ya kanisa inagombana na chupa ya dawa.

Sikatazi kuombewa. Mimi ni padre. Nitakuwekea mikono na kukupaka mafuta siku yo yote utakayoniita, hata usiku. Lakini ukiamini kwamba Mungu amekuponya presha, nenda ukapimwe. Mwenye ukoma aliyeponywa na Bwana Yesu aliambiwa akajionyeshe kwa kuhani. Daktari akiona presha imeshuka na kutulia, yeye atasema kidonge kipunguzwe au kiachwe. Usijisemee mwenyewe, wala mhubiri mgeni asikusemee.

Najua pia kwamba si wote wanaoacha dawa kwa ajili ya maombi. Wengine huacha kwa sababu wanakwenda Dar es Salaam kwa basi na kidonge kile kinawapeleka chooni kila mara. Mwulize daktari saa ya kukimeza siku ya safari. Usikiache mwezi mzima kwa ajili ya siku moja. Wengine wanapata kikohozi. Na wako wanaume wanaoacha kwa jambo la chumbani ambalo hawapendi kulitaja. Ndugu zangu, litajeni. Dawa za presha ni za namna nyingi, na daktari anaweza kubadili. Tena wengine hawana fedha ya pakiti ya mwezi unaofuata. Huyo aje kwangu au kwa wazee wa kanisa bila kuona haya, maana sadaka ya maskini kazi yake ni nini?

Akina baba nina neno nanyi zaidi. Mama zetu hupimwa presha kila waendapo kliniki ya wajawazito, kwa ajili ya kifafa cha mimba, ambacho kimeua wengi. Kwa hiyo mwanamke wa kijijini amekwisha kufungwa kile kitambaa mara nyingi kabla hajafika miaka 30. Mumewe ana miaka 55 na hajawahi. Anajua uzito wa kila gunia lake la mahindi, na mbolea alitia mifuko mingapi, lakini habari ya moyo wake hana. Mtu mzima apimwe, na akipita miaka 40 apimwe kila mwaka. Mwenye baba au mama aliyepatwa na kiharusi asingoje hata umri huo. Pamoja na presha aombe kupimwa sukari.

Habari ya chakula nitasema kwa ufupi, kwa sababu akina mama wa Umoja wataifundisha vizuri kuliko mimi. Chumvi kwa mtu mzima kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, gramu 5, tukihesabu na ile iliyomo katika dagaa, mkate na viungo vya pakiti. Kopo la chumvi liondolewe mezani. Mungu ametupa huku mboga, maharage, parachichi na ndizi za Tukuyu, nasi tunakimbilia chipsi za mjini. Ulanzi na komoni mnajua ninavyovionea mashaka, sitarudia. Sigara iachwe kabisa. Na ninyi mliojenga mjini, mkapata gari, tembeeni kwa miguu. Babu zenu walipanda milima hii kila siku na hawakuita mazoezi.

Neno moja la watoto. Mtoto mwenye homa na maumivu makali ya koo apelekwe zahanati, maana koo lisilotibiwa kwa baadhi yao huleta homa ya viungo, na homa hiyo hula milango ya moyo. Nimewazika vijana wawili wa namna hiyo. Tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini ni mbali, na upasuaji ni mzigo mzito kwa jamaa. Dawa ya koo iko karibu.

Mkimwona mtu mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, au maneno yanamkwama, msimkande, wala msimpe kitu cha kunywa. Tafuteni gari saa ile ile aende hospitali, iwe ni ya Rufaa Mbeya, au ya Mkoa Iringa, au iliyo karibu zaidi. Na akifa, nawasihi kwa jina la Bwana, kabla hamjamtafuta mchawi ulizeni kwanza habari ya vidonge vyake.

Nimekwisha kumwandikia barua yule baba mdogo aliyeko Usangu. Nimemweleza niliyoyaona dirishani Novemba ile, na kumwomba radhi kwa kunyamaza kwangu. Mtoto wa marehemu alitia sahihi chini ya jina langu. Tunangoja.

Jumapili inayofuata Sikukuu ya Mtakatifu Luka, baada ya Misa, wauguzi wawili wa parishi yetu watapima presha katika ukumbi bila malipo. Msivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla ya kupimwa. Mtakaa kimya dakika tano, miguu chini, mgongo umeegemea kiti, mkono juu ya meza. Mimi nitapimwa wa kwanza, mbele yenu wote, na hesabu itasomwa kwa sauti, maana mwaka jana ilikuwa 158 kwa 96 na tangu hapo ninameza kidonge changu kila jioni baada ya Sala ya Jioni. Wazee wa kanisa watanifuata, kisha akina baba wote, ndipo akina mama. Wenye vidonge nyumbani waje navyo, hata kama pakiti imeshika vumbi.

Padre wenu